Mwacheni aandike vyote, ila aanze na Bibi

Huku Jakobsberg giza limetukalia. Saa tisa alasiri taa za barabarani zimeshawaka, na mimi nikitoka zamu ya usiku nalala mchana, kwa hiyo kuna wiki nzima naweza kupita bila kuliona jua kabisa. Haya, tuyaache hayo. Leo sina picha za theluji. Leo nina hoja!

Hoja yenyewe wengi wenu mnaijua, maana wiki nzima grupu letu la familia halilali. Ni kuhusu mdogo wetu wa mwisho na maandishi yake. Kaka mkubwa ametuma sauti ya dakika sita (nimeisikiliza yote, kaka, nikiwa kwenye treni). Baba Mdogo ameandika "mshika mawili moja humponyoka". Shangazi naye akaongezea fisi wake na njia panda. Mama amenyamaza, na mnajua Mama akinyamaza maana yake nini. Mwisho mkasema dada wa Uswidi ndiye aamue kwa sababu ndiye anayeombwa hela. Sawa. Nimeona niandike hapa kwa urefu, kwani mambo mengine hayafai kujibiwa kwa kidole gumba kati ya kituo na kituo.

Kwa wale wasio kwenye grupu: bwana mdogo alikuwa mwalimu wa mkataba katika shule moja ya binafsi. Mkataba ulipoisha mwaka jana hakutafuta mwingine. Tangu hapo anaishi kwa kalamu, hana mwajiri, hana mchapishaji, yuko peke yake. Asubuhi anaandika hadithi ya mfululizo anayoiuza WhatsApp, wasomaji wanamtumia shilingi 1,000 kwa wiki kwa M-Pesa na yeye anawatumia sehemu mpya. Katikati ya wiki zinaingia kazi za watu: risala ya harusi, wasifu wa marehemu wa kusomwa msibani, barua ya maombi ya kazi, hotuba ya mwenyekiti wa chama cha ushirika. Usiku anaandika riwaya yake kubwa, ile anayotaka kuipeleka kwenye Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere. Na cha nne, ambacho kwenye grupu hakuna hata mmoja aliyekihesabu, ni mambo ya Bibi. Nitakuja huko.

Ninyi mnasema: achague kimoja. Akimaliza ndipo ashike kingine. Mimi nasema hapana, na nina sababu.

Kwanza tumwache fisi wa Shangazi apumzike. Fisi alipasuka msamba kwa sababu alitaka kupita njia mbili kwa wakati mmoja, mguu huku na mguu huku. Hakuna mtu anayeandika hivyo. Mtu anaandika hadithi asubuhi, risala mchana, riwaya usiku. Shangazi mwenyewe anauza vitenge, ana kuku wa mayai na ni mweka hazina wa vikoba vya wanawake watatu tofauti! Mbona hajapasuka? Mkulima anapanda mahindi na maharage shamba moja na tunamwita hodari. Mwandishi akifanya hivyo tunasema hana msimamo.

Pili, hesabu. Kitabu kimoja hakimlishi mtu kwetu, na hakijawahi. Waliosoma sekondari miaka ya 80 na 90 wanamkumbuka Joram Kiango, ambaye vitabu vyake vilisomwa hadi majalada yakang'oka. Aliyemuumba, Ben Mtobwa, mtoto wa Kigoma aliyezaliwa 1958, angeweza kusema mimi ni wa riwaya za upelelezi basi. Hakusema. Aliandika upelelezi, akaandika Dar es Salaam Usiku, akaandika Zawadi ya Ushindi juu ya vita vya Kagera, akawa mwandishi wa habari, na juu ya yote hayo akaanzisha kampuni yake mwenyewe ya kuchapisha vitabu, Heko. Yaani mwandishi, mhariri, mtu wa kiwandani na mtu wa kutafuta wauzaji, wote ndani ya shati moja. Alifanya hivyo kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kitabu kumfikia msomaji na hela kumrudia aliyekiandika. Alifariki 2008, umri miaka hamsini tu. Huo umri naomba muuweke akilini, nitaurudia.

Na tukitaka kuongea kama watu wa Tanga, basi tumtaje wetu. Shaaban Robert alizaliwa 1909 pale Machui, kusini ya mji, mahali ambapo sisi tunapapita tukienda kwa Bibi bila hata kugeuza shingo. Watu wanamsoma shuleni wakidhani alikuwa amekaa chini ya mwembe kutwa nzima anatunga. Alikuwa karani! Kuanzia 1926 alikuwa karani wa forodha, baadaye akahamia idara nyingine, halafu ofisi ya mkuu wa wilaya Tanga mpaka 1952, kisha ofisi ya upimaji ardhi. Kazi ya serikali ya mkoloni, saa za ofisi, bwana mkubwa wa Kizungu juu yake. Vitabu zaidi ya ishirini vilitoka kwenye saa zilizobaki.

Sasa angalieni miaka yake ya kati. Maisha Yangu, kitabu cha maisha yake mwenyewe, 1949. Kusadikika, 1951. Adili na Nduguze, 1952. Mtu huyu hakumaliza kimoja ndipo akafikiria kingine, miaka haitoshi. Mashairi, insha, hadithi, tenzi, vyote vilikuwa mezani pamoja. Na katikati ya msongamano huo huo alikutana na Siti binti Saad, akamsikiliza akisimulia maisha yake. Siti, mtoto wa watu maskini wa Fumba, Unguja, aliyefika Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri wakati hakuna mwanamke mwingine wa Afrika Mashariki aliyekuwa amefanya hivyo. Mwaka 1950 Siti alifariki. Wasifu wake ulichapishwa 1958, miaka minane baadaye.

Nataka mtulie hapo kidogo. Ingekuwa Shaaban Robert alikuwa na Kaka mkubwa kwenye grupu akimwambia "maliza kwanza hicho cha Kusadikika", angekimaliza 1951, akafunga safari kwenda Unguja kwa heshima zote, na akakuta kaburi. Kusadikika ingeweza kusubiri, kwani nchi ya kufikirika haizeeki. Siti hakuweza kusubiri.

Huku Uswidi nako mambo ni yale yale. Noti ya kronor 20 ninayonunulia kahawa hapa Jakobsberg centrum (zamani, siku hizi kila kitu ni kadi) ina sura ya Astrid Lindgren, aliyeandika Pippi, yule mtoto wa kike mwenye nguvu za kubeba farasi. Kabla yake noti ya 20 ilikuwa na Selma Lagerlöf. Wote wawili hawakuwa watu wa kitu kimoja. Lagerlöf alikuwa mwalimu wa shule ya wasichana mji wa Landskrona alipoandika riwaya yake ya kwanza, alipeleka sura tano tu kwenye shindano la gazeti mwaka 1890, akashinda, kitabu kizima kikatoka 1891. Mwaka 1909 akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Lindgren yeye alikuwa mhariri wa vitabu vya watoto kwenye kampuni ya uchapishaji tangu 1946 hadi 1970. Asubuhi aliandika vyake, mara nyingi akiwa bado kitandani, kwa hati mkato ile waliyokuwa wanafundishwa makarani. Mchana anakwenda ofisini kushughulikia vitabu vya wenzake. Miaka ishirini na zaidi!

Lakini mwandishi wa hapa ana mto mdogo mwingine unaomletea maji. Tangu 1954 kuna mfuko wa waandishi unaotoka serikalini, na kitabu chako kikiazimwa maktaba, unalipwa kiasi kidogo kwa kila mara kinapoazimwa. Naweza kwenda maktaba ya hapa Jakobsberg, nikaazima kitabu bure, na aliyekiandika akapata chake. Nikifikiria kile kitabu cha Joram Kiango kilichozunguka darasa letu zima hadi kikakosa kurasa za mwisho (mpaka leo sijui alitokaje kwenye lile jengo), nasema Mtobwa alitudai sana. Kwa mdogo wetu mto huo haupo, kwa hiyo anachimba visima vinne vidogo. Mnataka afukie vitatu?

Hapo ndipo nilipo upande wake. Sasa na yeye asikie, maana najua anasoma hapa, na najua ameshaanza kutabasamu. Usitabasamu bado, mdogo wangu.

Nilipokuja likizo nilikuja na mashine yangu ya presha, kama kawaida, nikawapima wote pale barazani. Ya Mama nzuri. Ya Kaka mkubwa nzuri kuliko kelele zake. Ya bwana mdogo, umri miaka 29, ilikuwa 148 juu ya 94. Nikasema labda ni joto na ngazi, nikarudia baada ya kupumzika, na kesho yake asubuhi nikarudia tena. Ile ile. Analala saa kumi alfajiri, anaamka saa mbili, anaishi kwa vile vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu, chipsi mayai na sigara anazodhani sizijui.

Hapa Stockholm kulikuwa na mtu anaitwa Stieg Larsson. Kwa miaka mingi alifanya kazi shirika la habari kama mchoraji wa michoro ya magazeti, halafu akawa anaendesha jarida la kupambana na wabaguzi na mafashisti, jarida lisilokuwa na pesa. Aliandika vitabu vya siasa hizo. (Alishafika hata kwetu kwetu: mwaka 1977 alikuwa Eritrea akiwafundisha wapiganaji wanawake kutumia silaha. Mambo ya watu wengine jamani!) Usiku, kwa kujiburudisha, akawa anaandika riwaya za upelelezi. Tatu kwa mfululizo, na ya nne ameshaianza. Kahawa, sigara, vyakula vya haraka, usingizi mchache. Tarehe 9 Novemba 2004 lifti ya jengo la ofisi yake ilikuwa mbovu, akapanda ngazi ghorofa saba, moyo ukasimama. Miaka hamsini. Kitabu cha kwanza kilitoka 2005, vikafuata viwili, vikauzwa mamilioni kwa mamilioni dunia nzima. Yeye hakuona hata nakala moja dukani. Na kwa kuwa hakuacha wosia halali na hakuwa amefunga ndoa, mwanamke aliyeishi naye zaidi ya miaka thelathini hakurithi kitu kwa sheria ya hapa, mali ilikwenda kwa baba na kaka.

Basi, mdogo wangu, sitaki kusikia habari za saa kumi alfajiri. Mwaka mzima huu hujapimwa tena, nimemuuliza Mama. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, ukapimwe siku tatu tofauti, unitumie namba. Hadithi ya WhatsApp unaitoa mara tano kwa wiki, nani alikwambia wasomaji watakufa ikitoka mara tatu? Waambie mapema, bei ile ile, na usipungukiwe ubora. Wanaolipa kwa sababu wanataka kujua nani aliyemuua yule mhasibu watalipa hata akichelewa kufa. Hiyo hadithi usiiache, ndiyo inayonunua unga. Kazi za risala nazo endelea, ila bei yako ya shilingi 20,000 kwa wasifu wa marehemu ni ya kujidharau. Mtu anatumia milioni nzima kwa shughuli, na yale maneno ndiyo pekee watu wanayotoka nayo pale.

Riwaya ya tuzo sasa. Tuzo ya Nyerere ilianzishwa 2022 chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, washindi wa kwanza wakatangazwa Aprili 2023. Ni jambo jema mno, na natamani jina lake lisomwe pale siku moja. Lakini huo ni mlango unaofunguliwa mwaka kwa mwaka. Mswada ukikosa mwaka huu hauozi, kinyume chake utakuwa umeiva zaidi. Na ile hela ya kuchapa nakala 500 kwa gharama yetu wenyewe, shilingi milioni mbili na nusu, ambayo kwangu ni karibu kronor 10,000: jibu langu ni hapana kwa sasa. Siyo kwamba sina imani nawe. Hujapata mtu wa kuuhariri, hujui utaziweka wapi nakala 500, na unyevunyevu wa Tanga unaujua. Uliza chumba cha Mama kile cha nyuma kilivyofanya mazulia.

Nimebaki na cha nne.

Sisi tuna jina la ukoo ambalo liko kwenye pasipoti yangu, liko kwenye cheti changu cha uuguzi, na hawa Waswidi wamehangaika nalo miaka yote hii kulitamka. Bibi anasema jina hilo siyo la baba yake. Baba yake alikuja Tanga kutoka kusini kama manamba, kufanya kazi ya mkonge. Mkonge wenyewe uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Hindorf, miche michache tu iliyonusurika safari, na ikafika mwaka 1964 nchi ikawa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Hizo tani zina watu wake. Waliitwa manamba kwa sababu walihesabiwa kwa namba, na karani wa shamba akishindwa kuandika jina lako anakuandikia analolijua yeye. Babu mkubwa aliandikiwa jina hilo, na ndilo tulilonalo.

Jina la kweli Bibi anamwambia nani? Mdogo wetu. Peke yake! Mimi nilisomea mbali, Kaka mkubwa ana biashara, Baba Mdogo ukimuuliza anasema "mambo ya zamani hayo". Huyu mnayemwita asiye na kazi ndiye aliyekaa kwenye mkeka Pangani akauliza, akanyamaza, akasikiliza. Anayo rekodi mbili kwenye simu, kila moja kama dakika arobaini. Basi. Ya tatu haikufanyika kwa sababu simu ilijaa, halafu hadithi ya wiki ikachelewa, halafu kukawa na harusi.

Waswidi wana kitu kinaitwa släktforskning, kufuatilia ukoo. Ni kama mchezo wa taifa, hasa kwa wastaafu. Sheria ya kanisa ya mwaka 1686 ilimlazimisha kila mchungaji kuandika nani kazaliwa, nani kaoa, nani kafa, na hata nani anajua kusoma katekisimu. Vitabu hivyo vimetunzwa, vimepigwa picha, viko kwenye kompyuta. Mtu anakaa maktaba na kahawa yake, baada ya wiki chache anakwambia babu wa babu wa babu yake alikuwa mpangaji kwenye shamba fulani na alikuwa na ng'ombe wangapi. Nawapenda, lakini siku nyingine wivu unanikaba kooni. Sisi maktaba yetu ina miaka 84, ina mvi, na miezi hii inaniita mimi kwa jina la Mama.

Ndiyo, nimegundua. Kwenye simu ameniuliza mara mbili Babu amerudi saa ngapi kutoka pwani. Babu alifariki 2009.

Kazi yangu huku ni wazee. Siwezi kusimulia habari za mgonjwa wangu hata mmoja, sheria ya siri hapa ni kali na ni nzuri. Lakini jambo hili kila muuguzi wa hapa analijua: kuna wazee waliokuja Uswidi kutoka Ufini miaka ya 1960 na 1970 kufanya kazi viwandani. Wameishi hapa nusu karne, wanasema Kiswidi vizuri. Ugonjwa wa kusahau ukiwaingia, Kiswidi ndicho kinachoondoka kwanza. Kinabaki Kifini, lugha ya mama. Yaani ghala linamwagika kuanzia juu, mizigo ya jana inatangulia kutoka, ya utotoni inakaa chini kabisa na inadumu. Kwa hiyo anayemsikia Bibi akisahau kama ameshakunywa chai asidhani na ya baba yake yameshapotea. Inawezekana kabisa yapo, safi. Inawezekana pia kwamba yapo mwaka huu.

Halafu naomba sana: msiseme "ni uzee tu". Si kila kusahau ni ule ugonjwa. Presha, sukari, tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, maambukizi ya njia ya mkojo, dawa zinazogongana, masikio yaliyoziba, hata huzuni, vyote vinaweza kumfanya mzee achanganyikiwe, na vingi kati ya hivyo vinatibika. Mimi siwezi kumpima kwa simu kutoka Jakobsberg. Apelekwe hospitali, daktari aambiwe imeanza lini, na dawa zake zote zibebwe kwenye mfuko, pamoja na zile za mitishamba ambazo mnadhani hatuzitaji.

Hivyo ndivyo ninavyoamua, kwa kuwa mmenipa kazi ya kuamua. Hela ya uchapaji haiji. Inakuja hela nyingine: kila mwezi nitatuma nauli ya Tanga kwenda Pangani na kurudi mara nne, pamoja na kadi ya kumbukumbu ya simu. Bwana mdogo, kila wiki siku moja ni ya Bibi, riwaya inahamia kwenye siku zilizobaki. Nenda asubuhi, maana jioni huwa amechoka na ndipo anapochanganya. Nusu saa inatosha, akitaka kuendelea mwache. Usimsahihishe miaka. Akirudia hadithi ile ile mwache airudie, mara ya tatu ndipo jina la mtu fulani linapochomoza. Mpelekee kitu cha kushika, picha ya zamani, kamba ya mkonge, ule ufunguo wa nyumba ya kwanza. Mwulize nyimbo walizoimba wakikata mkonge, na usizime rekodi anapoanza kuimba. Siku hiyo hiyo nakili rekodi, mtumie Kaka mkubwa moja na mimi moja. Usiiache kwenye simu moja iliyopasuka kioo!

Kaka mkubwa, wewe una kompyuta dukani, tunza hizo sauti, kila moja na tarehe yake. Shangazi, wewe ndiye unayejua Bibi anapenda kuongea akiwa anafanya nini, mwambie mdogo wako. Baba Mdogo, siku moja uende naye. Kuna mambo Bibi hatamwambia mjukuu ila mwanawe akiwepo atayasema. Mama, wewe endelea kunyamaza, tumekusikia.

Na ninyi wengine mnaosoma hapa, mliokaa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, Muheza au Korogwe, au wazee wenu walifika kama manamba: niandikieni. Bwana mdogo anahitaji kujua kambi za wafanyakazi ziliitwaje na watu wa Njombe walikaa upande gani. Hata jina moja litasaidia.

Zamu yangu inaanza saa tatu usiku na treni haimsubiri mtu. Tutaongea Jumapili, panapo majaliwa. Nisalimieni Bibi, na akiniita jina la Mama mwambieni nimeitika.